KAZI ZA NYUMBANI: Viti vya Land Rover ya Marehemu Baba

Ndugu wasomaji, safari hii naiacha kando ile habari ya mizinga ya nyuki niliyowaahidi, kwa sababu nimepata barua isiyoweza kungoja. Imetoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Maguu, wilaya ya Mbinga. Marehemu baba yake aliacha shamba la kahawa, ng'ombe wawili, na motakaa moja aina ya Land Rover, ile ndefu iliyo wazi nyuma. Injini yaenda. Lakini viti vimeoza kabisa: ukikaa, kibao chakuchoma, ukisimama, suruali imejaa unga wa sponji. Mdogo wake ataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wale wanaopima kwa kilo. Mama yao hataki hata kulisikia neno hilo. Mwezi wa Agosti binti wa mwisho ataolewa Mbamba Bay, na mama amesema atashuka milima ndani ya motakaa ya mumewe, ama sivyo atabaki nyumbani. Mwalimu auliza: je, viti hivi vyaweza kutengenezwa nyumbani, na mtu asiye fundi, kwa fedha kidogo, kabla ya arusi?

Sikumjibu kwa barua. Ilikuwa Juni, mavuno ya kahawa yameanza, nami nilikuwa na shughuli Mbinga mjini. Nikapanda juu hadi kwao, nikakuta baridi na ukungu ule wa Umatengo uingiao hata ndani ya mifupa.

Motakaa ilikuwa chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Mwalimu alinisalimu, "Shikamoo, baba," akalivuta turubai kama mtu anayefunua kitu cha aibu. Mimi sikuona aibu. Niliona Land Rover ya zamani yenye taa zake mbili katikati, karibu na wavu wa mbele, wala si juu ya madigadi. Kwa alama hiyo wajua ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, kwa maana ndipo taa zilipohamishiwa pembeni. Bodi yake haina kutu, na watu wengi hudhani ni kwa sababu ya rangi nzuri. Sivyo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na wakati huo Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, basi bodi zikafanywa kwa alumini. Alumini haili kutu nyekundu. Lakini fremu ya chini ni chuma, na mahali miguu ya dereva inapokaa ni chuma pia. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Watu wa ziwani na wa milimani hawana haja ya kuambiwa motakaa hizi zilikuwa nini kwetu. Kabla lami haijafika Mbinga kutoka Songea, na kabla haijashuka hadi Mbamba Bay, masika yalipokolea ni Land Rover ndizo zilizopita. Zilibeba kahawa, zikabeba mabati, zikabeba usipa kutoka Lituhi na Mbamba Bay, zikabeba maharusi na maiti. Mama wa mwalimu aliniambia kwamba watoto wake wawili kati ya sita walizaliwa baada ya safari ya usiku kwenda hospitali ya Litembo, yeye amelala nyuma juu ya godoro, mumewe akiendesha polepole na kumwuliza kila kilima, "Mama nanii, ungali nami?" Alisimulia jambo hili huku akimenya viazi, bila kuinua macho.

Mdogo wake mwalimu naye si mtu mbaya, wala si mpumbavu. Alinieleza hesabu yake. Mibuni ina kutu ya majani, chulebuni nayo imeonekana bondeni, na dawa ni ghali. "Baba," alisema, "tutatibu kutu ya motakaa, na ile ya kahawa itatumaliza." Nilikosa jibu. Baada ya maneno mengi walipatana hivi: itatumika fedha ya gunia moja la kahawa, wala haitaongezwa hata senti. Zikiisha kabla viti havijaisha, motakaa iuzwe. Mama alikubali. Nami nikaona kwamba nimeingia katika kazi yenye mpaka.

Basi, jambo la kwanza mwalimu alilotaka kufanya ni kwenda Songea kununua ngozi ya bandia. Alikwisha kuchagua rangi, nyekundu iliyoiva. Nikamzuia. Nitawaambia kwa nini, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Miaka mingi iliyopita nilimshonea jirani yangu viti vya gari kama hili. Vilipendeza, watu walikuja kuvitazama. Baada ya mwezi watoto waliokuwa wakipanda walianza kutapika, na mama mmoja akazimia njiani. Tulisema ni joto, tukasema ni kona za mlima. Kumbe chini ya kiti cha dereva bomba la petroli lilikuwa limepasuka, petroli yanyonya ndani ya sponji, na mimi nilikuwa nimeifunika na kuibana vizuri kwa misumari. Harufu niliisikia tangu siku ya kwanza nikidhani ni uchakavu. Jirani alikuwa mvutaji wa sigara. Hata leo nikikumbuka, mikono hunitoka jasho.

Katika Land Rover nyingi za zamani, hasa hizi zilizo wazi nyuma, tangi la petroli limo chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani dereva amelikalia. Kwa hiyo kabla ya kununua hata uzi, toa viti vyote nje. Si kazi ngumu: mito ya kukalia huinuliwa kwa mkono, na migongo imefungwa kwa nati. Nati zikigoma, zipake mafuta usiku, kesho zitalegea. Usipige nyundo, utapinda alumini. Fanya kazi hii nje mchana, betri imekwisha kufunguliwa, na asiwepo mtu wa sigara wala jiko la mkaa karibu. Kisha funua lile bati juu ya tangi, inama, unuse. Pitisha mkono chini ya mabomba ya mpira. Ukiona mpira una nyufa kama kisigino cha mtu wa kiangazi, umekwisha. Badili kwa bomba lililotengenezwa kwa ajili ya petroli. La kumwagilia maji lisitumike hata kwa siku moja, kwa maana petroli hulilainisha na kulila.

Ya mwalimu yalikuwa na nyufa, lile nene la kujazia na lile jembamba la kupumulia, yote mawili. Tukatazamana. Yule mdogo wake hakusema neno, akachukua kalamu akaandika bei kwenye karatasi yake ya gunia moja.

Tulipoinua zulia la sakafuni tulikuta la pili. Zulia lilikuwa zito kama blanketi lililotumbukia mtoni. Lilikuwa limelowa tangu masika, pengine tangu masika ya mwaka juzi, na chini yake, mahali pa mguu wa klachi, bisibisi ilipita hadi nje tukaona majani. Hapa ndipo chuma kinapokutana na ukungu wetu. Tena palipoungana chuma na alumini palikuwa na unga mweupe. Watu huufuta wakidhani ni chokaa. Unga huo ni alumini yenyewe inayoliwa. Kwa kuwa metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoumia. Dawa yake ni kuzitenganisha: safisha kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na katikati weka utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi bovu. Haugharimu kitu.

Tundu la sakafuni wengi huliziba kwa bati la paa na ribiti, wakapaka rangi juu. Kazi ya jioni moja, na baada ya masika mawili kutu imekula pembeni yake na tundu limekuwa kubwa kuliko bati. Huna budi kukata hadi ufike chuma kizima kinacholia ukikigonga, kisha fundi achomelee kipande cha unene uleule. Lakini kabla fundi hajawasha mashine yake, tangi litolewe kabisa lipelekwe mbali. Wapo watakaosema, "Ni tupu, halina kitu." Ndugu zangu, tangi tupu lina hatari kupita lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Fundi wa kuchomelea alikuja Jumamosi. Alipoondoka, zaidi ya nusu ya gunia ilikuwa imekwenda, na hatujanunua hata uzi. Mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyenunua ng'ombe akapewa kamba.

Sasa tuje kwenye viti. Fedha zilizobaki hazikutosha ngozi ya bandia ya viti vyote vitatu vya mbele na mabenchi mawili ya nyuma. Tukashauriana. Mama ndiye aliyeamua. Kiti cha dereva na cha abiria wa pembeni vishonwe upya. Cha katikati, ambacho ngozi yake ilikuwa na mpasuko mmoja tu, kisafishwe na kushonwa kiraka. Mabenchi ya nyuma yapigwe msasa na kupakwa rangi, na watu wakalie mito ya nyumbani. Ile nyekundu iliyoiva ikasahauliwa, tukatafuta ya kijivu iliyo karibu na ile ya zamani, ili kiti cha katikati kisionekane mgeni kati ya ndugu zake.

Usichane nguo ya zamani ya kiti ukaitupa. Hiyo ndiyo ramani yako. Ifumue mshono kwa mshono kwa wembe, na kila kipande ukiandike kwa kalamu: mbele, nyuma, kushoto, kulia, na mshale kuonyesha juu. Vilaze vipande juu ya karatasi ya mfuko wa simenti, uvichore. Kumbuka ngozi ya zamani imetanuka kwa kukaliwa miaka mingi, basi usiifuate kila mahali kama sheria. Pima na kiti chenyewe. Ongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, na chini ongeza nne au tano za kukunjia. Afadhali ukate kubwa na kupunguza.

Mto wa sponji uliogeuka unga hauponyeki. Nunua mpya, lakini si ile ya godoro la bei rahisi, maana baada ya miezi michache utakuwa umekalia kibao tena. Ibonyeze kwa gumba dukani: ikizama upesi na kurudi polepole, iache. Iliyo nzuri hukusukuma. Wazee walijaza sufi, nami naipenda kwa mito ya kulalia, lakini katika motakaa hujikusanya pembeni baada ya safari mbili, ukabaki umekaa juu ya vilima na mabonde.

Vibao vya chini marehemu alikuwa amekwisha kuvibadili mara moja kwa plaiwudi. Kimoja kilikuwa kizima. Tulipokigeuza tukakuta maandishi ya penseli, kwa mkono wake mzee: tarehe za kubadili oili, mstari kwa mstari, kuanzia 1981. Mwalimu alikaa chini akayasoma yote. Kibao hicho tulikipaka vanishi safi juu ya maandishi, kikarudi mahali pake. Cha pili tulikata kipya, tukatoboa matundu manne ukubwa wa kidole. Matundu haya msiyasahau. Mtu akikaa, hewa iliyo ndani ya sponji yataka kutoka, na ngozi ya bandia haipitishi hewa. Isipopata njia chini, itapasua mshono.

Kushona twaweza nyumbani. Cherehani ya miguu iliyo imara hushona ngozi ya bandia nyembamba, mradi uweke sindano nene, namba 16 au 18, na penye tabaka tatu uzungushe gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga. Uzi uwe wa nailoni. Wa pamba huoza kwa unyevu. Refusha hatua ya mshono ifike milimita tatu au nne. Akina mama waliozoea kushona magauni hupenda mshono mfupi, lakini hapa mshono mfupi hutoboa ngozi kama ukingo wa stempu, ikachanika hapo hapo. Tena usitumie pini, kwa kuwa tundu la pini katika ngozi ya bandia halizibi. Bana kwa vibanio vya nguo. Ikiwa ngozi yakwama chini ya mguu wa cherehani, ipake poda ya mtoto kidogo. Aliyeshona yetu ni bibi arusi mwenyewe, na kipande cha kwanza alikifumua mara mbili. Ndiyo sababu nashauri kujaribu kwanza juu ya mabaki.

Siku ya kuvalisha, iwe siku ya jua. Kule kwetu Juni jua ni haba, tukangoja siku tatu. Anika nguo ya kiti nusu saa ili ilainike. Kisha funika sponji, geuza mto chini juu, na upige misumari midogo hivi: mmoja katikati ya mbele, mmoja katikati ya nyuma, mmoja kila ubavu. Tazama kama mishono imenyoka. Ndipo uendelee kutoka katikati kwenda pembeni, ukivuta kwa nguvu ileile, na pembe ziwe za mwisho. Anayeanzia pembe hupata makunyanzi yasiyotoka.

Kiti cha katikati tulikiosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni, na brashi laini. Msiwasikilize wanaosafisha kwa petroli. Inang'aa siku hiyo, halafu ngozi yakauka na kupasuka. Kiraka hukaa kwa ndani, chini ya mpasuko, kimepakwa gundi, midomo ya mpasuko ikaletwa pamoja juu yake. Harufu ya usipa ilikuwa jambo jingine. Motakaa iliyobeba usipa miaka 30 haisahau. Tuliosha kila pembe kwa sabuni na siki, tukaacha milango wazi mchana, na usiku tukaweka beseni mbili za mkaa usiowashwa ndani, tukibadili mkaa kila baada ya siku mbili. Baada ya juma moja harufu ilipungua. Haikwisha. Mama alisema ni vema, la sivyo asingeitambua.

Zulia hatukulirudisha. Tuliweka mikeka ya mpira inayoinuliwa upesi, nami nilimwagiza mwalimu aiinue na kuianika kila inaponyesha.

Jambo moja nililisisitiza hata ikaleta ugomvi kidogo: mikanda ya usalama. Motakaa hizi za zamani nyingi hazinayo. Mdogo mtu alitaka kuifunga kwenye bati lililo nyuma ya kiti. Bati la alumini halimshiki mtu; gari likigonga, mkanda utang'oka na bati lake. Yafaa ishikwe kwenye fremu, au kwenye vipande vya chuma vilivyoungwa na fremu, kwa bolti nene, na fundi ajuaye. Fedha ya gunia ilikuwa imekwisha. Tulikaa kimya kitambo. Halafu yule mdogo, ndiye huyohuyo wa vyuma chakavu, akatoka nje, akarudi akasema atauza mbuzi wake mmoja, lakini isiandikwe kwenye karatasi ya gunia.

Oktoba 2024 nilisoma kwamba Arusha zilikusanyika Land Rover mamia kwa mamia, watu wakitaka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Nilipomweleza mwalimu, alicheka akasema ya baba yake isingefika Arusha. Pengine kweli. Mbamba Bay ilifika. Agosti walishuka, lami ile nzuri imezunguka milima hata ziwa likafunguka mbele yao, mama pembeni na mkanda wake, mjukuu katikati, mwalimu kwenye usukani. Nyuma yalijaa mashangazi juu ya mito ya nyumbani.

Aliniandikia baadaye. Viti vimekaa vizuri, mshono haukufunguka, petroli hainuki. Lakini kiti cha katikati, kwa kuwa sponji yake ni ya zamani, kimezama chini kuliko vya pembeni kwa vidole viwili, na mjukuu hakuliona ziwa mpaka alipopakatwa. Nimemjibu kwamba asikifumue. Akate kipande cha sponji kilichobaki, unene wa vidole viwili, akiweke kati ya mto na kibao chake, atoboe na hicho pia ili hewa ipite.